Denver Hadi Frisco na Kurudi: Theluji, Foleni na Minyororo ya Matairi

Simulizi hii nimeiandika juma moja baada ya kurudi, kutokana na daftari dogo lililokuwa likikaa kwenye mfuko wa mlango wa gari, pamoja na picha za simu ambazo kila moja imebeba saa yake. Saa hizo zimenisaidia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu kwenda kwenye vituo vya skii vya Colorado katika mapumziko ya Januari ni jambo la kupimwa kwa saa, wala si kwa kilomita. Kutoka katikati ya Denver hadi mji wa Frisco ni kilomita 115 hivi, na siku tulivu ya katikati ya juma mwendo huo huchukua kama saa moja na nusu. Mwaka uliotangulia, katika mapumziko haya haya ya sikukuu ya Martin Luther King, ambayo huangukia Jumatatu ya tatu ya Januari, kurudi peke yake kulituchukua saa sita, watoto wana njaa na hakuna mahali pa kujisaidia.

Kwa hiyo safari hii niliipanga kuanzia mwisho. Kwanza niliamua tutarudi saa ngapi na tutakuwa upande gani wa mlima wakati foleni itakapoanza, ndipo nikahesabu kinyumenyume hadi siku ya kuondoka. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, binti yetu wa miaka 11, mdogo wake wa miaka 8, na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuja kwa ndege kutoka Houston na ambaye hakuwahi kuendesha gari juu ya theluji maishani mwake.

Jumatano: kwa fundi wa matairi

Gari letu ni la watu saba na huvutwa na magurudumu ya mbele peke yake, na jambo hilo lina uzito kisheria. Kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 31 Mei, kwenye sehemu ya milimani ya Barabara ya 70, ndiyo barabara kuu ya kwenda Frisco, kati ya Morrison na Dotsero, yaani kama kilomita 200, gari dogo linatakiwa liwe na matairi ya theluji au yenye alama ya M+S (matope na theluji) ambayo mistari yake ina kina kisichopungua inchi 3/16, karibu milimita 4.8; au liwe linavutwa na magurudumu yote manne na matairi yenye kina hicho hicho; au libebe minyororo ama vifuniko vya kitambaa vya kuvalisha matairi. Anayekutwa bila kutimiza sharti hili hutozwa faini inayozidi dola 130, na gari lake likikwama likaziba njia, faini hupanda na kuzidi dola 650.

Fundi alichomeka kipimo chake chembamba katikati ya mistari ya tairi moja baada ya jingine, akiandika kwa chaki ubavuni mwa kila tairi: mbele 6, nyuma 4, kwa sehemu za 32 za inchi, wakati sheria inataka 6. Akafuta mikono, akaniambia kwamba matairi ya nyuma yangenifikisha kazini kila siku bila shida, lakini kwenye mteremko wa barafu yangeligeuza gari likatazama lilikotoka. Nilinunua matairi manne ya theluji kwa dola 740 pamoja na kufungiwa, na minyororo ya jozi moja kwa dola 85. Kulikuwa na uwezekano wa kununua minyororo tu na kuokoa fedha nyingi, na sheria ingeridhika. Lakini minyororo husaidia pale tu unaposimama ukaifunga, na tairi laini la theluji hushika barabara hata kwenye kipande cha barafu usichokiona.

Jioni ile nilifanya mazoezi ya kufunga minyororo uani, mara tatu, ya mwisho nikiwa na tochi ya kichwani. Unautandaza mnyororo chini kwanza ili ujue haukujisokota, unaupitisha nyuma ya tairi kwa kupapasa kwa vidole kwa kuwa huoni kitu, unafunga ndoano ya ndani kabla ya ile ya nje, kisha unasogeza gari mita chache na kukaza upya. Mara ya kwanza nilitumia dakika 35, ya tatu dakika 14. Minyororo hufungwa kwenye magurudumu yanayovuta, na kwa gari letu ni ya mbele.

Kwa wanaokodi gari uwanja wa ndege: yakagueni matairi kabla hamjasaini, na msome mkataba, kwa kuwa mingi hukataza kufunga minyororo. Vifuniko vya kitambaa huenda vikawafaa zaidi, lakini ulizeni kwanza. Na jengeni tabia ya kubeba kipande cha zulia kuukuu cha kupigia magoti. Suruali iliyolowa maji ya theluji haikauki ndani ya gari.

Alhamisi: kufunga mizigo

Siku hii haina mengi. Tulipakia beleshi dogo, mablanketi manne, glavu za mpira, maji lita 12, chupa mbili kubwa za chai, chapati 20, na maji ya waipa ya aina isiyoganda kirahisi, kwa sababu dawa ya kuyeyusha barafu inayomwagwa barabarani, kloridi ya magnesi, hurushwa na magari ya mbele na kukauka juu ya kioo kama ukungu mweupe usiofutika kwa waipa kavu. Niliongeza pia upepo kwenye matairi, kwa kuwa kila joto linaposhuka kama nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi hupoteza karibu pauni moja ya upepo.

Tulijadili kama tuache gari kabisa. Mwisho wa juma kuna basi la jimbo liitwalo Snowstang, linalotoka Denver hadi kwenye baadhi ya vituo, na kuna treni inayotoka Union Station hadi Winter Park, ikipita chini ya mlima katika Handaki la Moffat, lililofunguliwa mwaka 1928 na lenye urefu wa karibu kilomita 10. Basi lilikuwa limejaa kwa siku zote tulizozitaka. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba viti vya mapumziko vinatakiwa kukatwa majuma kadhaa kabla.

Ijumaa: Floyd Hill

Mpango ulikuwa kuondoka saa 6:00 mchana. Ndege ya shemeji ilichelewa saa tatu, mizigo yake ikachelewa dakika nyingine 40, na tukaondoka saa 9:40 alasiri, saa ile ile ambayo mji mzima ulikuwa ukitoka kazini na kuelekea magharibi. Nilijua nini kinatungoja. Nilimwambia shemeji tukubali kuwa tumechelewa, tusijaribu kuufukuza muda uliopotea.

Kilele cha Floyd Hill ndipo njia tatu za kuelekea magharibi huwa mbili, na tangu mwaka 2023 kuna mradi mkubwa wa ujenzi mahali hapo. Tulijiunga na mkia wa foleni saa 10:50. Taa nyekundu zilishuka mlima mbele yetu kama mkufu, bonde lote limejaa, na kwa muda mrefu tulikwenda kwa mwendo ambao mtu wa miguu angetupita. Tulifika Idaho Springs saa 12:20 jioni.

Hapo tulifanya uamuzi ninaoufurahia mpaka leo: tulitoka barabarani. Idaho Springs ni mji mdogo wa wachimba dhahabu, uliochipuka baada ya dhahabu kupatikana hapo Januari 1859, na una barabara moja kuu yenye majengo ya matofali na mikahawa iliyopangana. Tulikula pizza ya huko, ambayo ukingo wake ni mnene kama mkate uliosokotwa. Mwisho wa mlo, mhudumu huleta chupa ya asali ili ukingo huo uliwe kama kitindamlo. Kijana wangu alimaliza asali yake na ya dada yake. Tulilipa dola 74 pamoja na bakshishi. Mhudumu, mama wa makamo, alipoona tunatazama simu kila baada ya dakika tatu, alituambia tusiwe na haraka, kwamba watu wengi wa mji ule hawaigusi barabara kuu Ijumaa kabla ya saa 2 usiku, akatuongezea maji ya moto kwenye chupa ya chai bila malipo.

Tulirudi barabarani saa 2:15 usiku na njia ilikuwa imefunguka. Karibu kilomita 100 kutoka Denver tuliingia Handaki la Eisenhower, ambalo tundu lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 1973 na la pili, lenye jina la Johnson, mwaka 1979. Lina urefu wa kilomita 2.7 na liko kwenye mwinuko wa takriban mita 3,400. Kwa waliopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hapo ni juu sana kuliko Mandara na si mbali na Horombo, nawe umefika ukiwa umekaa kwenye kiti cha gari muda wa saa chache tu. Mwili hauna nafasi ya kuzoea.

Ukitoka upande wa magharibi, barabara inaporomoka kuelekea Silverthorne kwa mteremko unaofikia asilimia 7. Pembeni kuna njia za changarawe zinazopanda mlimani, zilizotengenezwa kwa ajili ya malori yaliyoishiwa breki. Nilirudisha gia ndogo tukiwa bado kileleni, nikaiacha injini ishike uzito wa gari, na breki nikazitumia kwa kugusa na kuachia. Tulifika Frisco saa 3:30 usiku. Chumba chenye vitanda viwili na kochi la kulalia kilikuwa dola 259 kwa usiku mmoja kabla ya kodi, na tulilala siku tatu.

Jumamosi: maegesho yamejaa

Shemeji aliamka na kichwa kinamgonga. Frisco iko mita 2,770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Houston iko karibu sawa na bahari yenyewe. Alikunywa maji mengi, akala kidogo, akabaki kitandani hadi mchana, na jioni alikuwa salama. Naomba wageni wasilichukulie jambo hili kijuujuu: siku ya kwanza iwe ya kupumzika, pombe iachwe, na maumivu yakizidi, au mtu akianza kuyumba au kukosa pumzi akiwa amekaa, ashushwe chini na atafutiwe daktari.

Watoto walikuwa na darasa la skii saa 3:30 asubuhi katika kituo kimoja kikubwa, dola 215 kwa kila mmoja pamoja na tiketi ya lifti, na vifaa tulikuwa tumevikodi mjini kwa dola 38 kila mtoto. Mimi na mke wangu hatukukata tiketi, kwa kuwa tiketi ya mtu mzima dirishani, siku kama ile, kwenye vituo vikubwa huzidi dola 200.

Tulifika kwenye lango la maegesho saa 2:50, tukidhani tumewahi. Kijana mwenye fimbo ya taa alitupungia mkono tusonge mbele. Uwanja wa pili ulikuwa umejaa, wa tatu ulikuwa umejaa, na wa nne ulikuwa umefungwa kwa koni. Tulizunguka katika msafara wa magari mengine yaliyokuwa yakitafuta kama sisi, kila dereva akitazama taa za nyuma za magari yaliyoegeshwa kwa matumaini kwamba mtu mmoja ameamua kurudi nyumbani saa tatu asubuhi. Kilichoniuma si kujaa kwa maegesho, maana mahali pana mwisho wake. Kiliniuma kwamba ujumbe wa uthibitisho wa darasa, niliousoma tena usiku ule mstari kwa mstari, haukusema neno lolote juu ya maegesho wala ulitaja saa ambayo hujaa.

Mke wangu ndiye aliyekata shauri. Tulirudi Frisco, tukaacha gari hotelini, tukapanda Summit Stage, basi la wilaya ambalo ni la bure kabisa na huunganisha miji na vituo vya skii vya eneo lile. Lina rafu za nje za kuwekea vibao vya skii. Lilitushusha karibu kabisa na lifti, saa 4:25, na darasa lilikuwa limekwisha ondoka. Ofisini waliniambia fedha hazirudi. Mwalimu mmoja wa kike aliyekuwa akipita, kofia mkononi, alisikia, akainama akawauliza watoto majina yao, akasema ana darasa la mchana lenye nafasi mbili na angewapokea yeye mwenyewe. Akafanya hivyo. Saa 9 alasiri niliwaona wakishuka kwa mstari nyuma yake, wamekunja magoti, ncha za vibao zimekaribiana kama kipande cha pizza, jinsi wanavyofundishwa kupunguza mwendo.

Kwa atakayefuata: ukilala miji ya Frisco, Dillon au Silverthorne, sahau gari asubuhi na utumie basi. Ukitoka Denver siku hiyo hiyo, uwe umeshapita Floyd Hill kabla ya saa 12 asubuhi, na siku moja kabla uangalie kama kituo unachokwenda kinataka maegesho yahifadhiwe mapema.

Jumapili: ziwa na somo la breki

Hatukwenda popote pa mbali. Asubuhi tulitembea ukingoni mwa Ziwa Dillon, lililoganda na kufunikwa theluji hata lisitambulike kuwa ni maji. Ni bwawa la maji ya Denver, na ukuta wake ulikamilika mwaka 1963 baada ya mji wa zamani wa Dillon kuhamishwa ili bonde lijazwe.

Mchana nilimchukua shemeji kwenye uwanja mtupu uliofunikwa theluji, nikampa usukani. Nilimwambia aende kilomita 25 kwa saa, kisha akanyage breki kwa nguvu zote bila kuachia. Kanyagio lilitetemeka chini ya mguu wake na kutoa mlio wa kukwaruza, naye kwa hofu akaondoa mguu. "Shemeji, limeharibika," akasema. Nikamweleza kwamba mtetemo ule ndio mfumo wa breki ukifanya kazi, ukizishika na kuziachia upesi kuliko mguu wa mtu unavyoweza, na kwamba wengi huachia breki hapo hapo wanapozihitaji. Alirudia mara kumi. Kisha tulihesabu kwa hatua umbali aliotumia kusimama: hatua 19 kwenye theluji iliyoshindiliwa, na hatua 7 kwenye kipande cha lami kilichofagiwa. Baada ya hapo hakuhitaji kuambiwa tena aache nafasi mbele.

Jioni tulipanga kurudi. Programu ya COtrip, ya idara ya barabara ya jimbo, ilitabiri theluji kuanzia usiku wa manane. Wazo langu lilikuwa hili: tuvuke handaki Jumatatu asubuhi mapema, watoto wacheze skii Loveland, kituo kilicho mdomoni mwa handaki upande wa Denver, na hivyo foleni ya alasiri itukute tukiwa tayari tumeuacha mlima mgumu nyuma.

Jumatatu: minyororo

Tulitoka saa 12:30 asubuhi. Theluji ilikuwa ya sentimita 20 juu ya paa la gari, na tuliifagia yote, paa, taa na kibao cha namba, kwa kuwa theluji ya paa ikiteleza unapofunga breki hufunika kioo cha mbele chote. Kabla ya mlima ubao wa taa ulitangaza sheria ya minyororo kwa magari madogo, ambayo ni hatua ya mwisho kabla ya barabara kufungwa. Kwa gari linalovutwa na magurudumu mawili kama letu hakukuwa na mjadala: kufunga au kugeuza.

Tuliingia sehemu ya kando iliyotengwa kwa kazi hiyo. Nilipiga magoti juu ya kipande cha zulia. Upande wa kulia ulinichukua dakika 12. Upande wa kushoto ndoano ya ndani ilijaa barafu na haikufunga. Nilijaribu hadi vidole vikakosa hisia, nikavitia kwapani, nikajaribu tena. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizoganda ncha, alikuwa amekwisha funga minyororo yake mizito. Alikuja, akalala chali kwenye theluji bila kitu chini yake, akagonga ndoano kwa kishikio cha bisibisi mpaka barafu ikapasuka, na mnyororo ukafunga kwa mlio mmoja. "Nenda mita hamsini, simama, kaza tena," akasema. "Wengi husahau hilo, na mnyororo uliolegea hukata waya za breki." Nilitoa dola 20, akakataa. Mke wangu alimfungia chapati tatu kwenye karatasi ya fedha, na hizo akazipokea kwa mikono miwili.

Tulipanda kwa kilomita 40 kwa saa. Saa 2:10 asubuhi, tukiwa kama kilomita tano chini ya handaki, kila kitu kilisimama. Lori lilikuwa limejikunja na kuziba njia zote.

Tulikaa hapo saa mbili na dakika 20. Injini tuliiwasha dakika kumi katika kila nusu saa, na kila mara kabla ya kuiwasha shemeji alishuka na beleshi kuondoa theluji iliyozunguka bomba la moshi. Nasisitiza hapa kwa moyo wangu wote: bomba likizibwa, hewa yenye sumu ya kaboni monoksidi huingia ndani ya gari, haina harufu, na waliofunga vioo kwa sababu ya baridi hawajui kinachowapata. Katika gari la pembeni kulikuwa na mama kijana mwenye mtoto mchanga aliyelia bila kukoma. Mke wangu aligonga kioo chake na kumpelekea chupa ya maji ya moto tuliyokuwa hatujaifungua, na tulitazama kupitia madirisha mawili yenye ukungu jinsi alivyopasha maziwa na jinsi mtoto alivyonyamaza. Chai yetu tuliigawa kwa magari manne. Hapo mwendo uliporudi tulijuana sura zote.

Ndani ya handaki lami ilikuwa kavu, na minyororo ilipiga kelele hata watoto wakaziba masikio. Usiongeze mwendo hapo, kwa sababu lami kavu hula minyororo. Tulipotoka tu tulikata kuingia Loveland, tukavua minyororo, na tukapata nafasi mwisho kabisa wa uwanja, ambako maegesho ni bure. Watoto waliteleza Loveland Valley, upande wa wanaoanza, hadi lifti ziliposimama saa 10 jioni. Hatukuwa na darasa wala haraka, na binti yangu alimfundisha mdogo wake alichofundishwa Jumamosi.

Foleni ilikuwepo, kama nilivyojua. Kilomita 19 hadi Georgetown zilichukua saa moja na dakika tano. Lakini waliokuwa bado upande wa magharibi walikuwa na shida zaidi, kwa kuwa magari yanapojazana kupita kiasi, wasimamizi wa handaki huyasimamisha nje kwa zamu, na hali kadhalika mara nyingine ili kupitisha malori yenye shehena za hatari wakati njia ya juu ya Loveland Pass imefungwa. Georgetown tulitoka barabarani kama tulivyofanya Ijumaa. Katika mwanga wa mwisho tuliwaona kondoo wa milimani wenye pembe zilizojikunja, sita, wamesimama kwenye mwamba juu ya mji bila kujali magari. Tulikunywa supu, dola 51 kwa wote watano, watoto wakalala juu ya meza.

Saa 2:00 usiku tuliondoka. Kati ya Empire na Idaho Springs nilichukua njia ya kulipia, ambayo bei yake hupanda na kushuka kulingana na msongamano; usiku ule ilikuwa dola 8 na senti kadhaa, na wenye kifaa cha malipo kiooni hulipa pungufu kuliko wanaopigwa picha ya namba. Tulifika nyumbani saa 3:40 usiku.

Jumanne

Niliisuuza minyororo kwa maji ya moto uani, kiungo kwa kiungo, maana dawa ya barabarani huila kwa kutu, nikaitundika ukutani ikauke kabla ya kuirudisha kwenye mfuko. Viungo viwili vya upande wa kushoto vimelika kwenye lami ya handaki na nitavibadilisha. Nilijumlisha pia: ukiacha matairi na minyororo, safari ilitumia dola 1,560, na zaidi ya nusu ya hizo ilikuwa malazi.

Kabla ya kwenda kulala, mke wangu alifungua kalenda ya Februari, kwenye mapumziko ya Siku ya Marais, akauliza kama viti vya treni ya Winter Park bado vipo. Vilikuwepo vitano, kwenye behewa moja. Tumevikata.